Mafunzo ya Mwalimu Yaanzie Darasani Kwake

Mwongozo kwa mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma au mwalimu mzoefu aliyekabidhiwa kuwaandaa wenzake kwa mtaala mpya wa sekondari, Dzaleka na Lilongwe

Ukikabidhiwa kazi ya kuwaandaa walimu wenzako kwa mtaala mpya, kwa kawaida unapewa muhtasari wa somo na barua ya kukuita semina ya siku chache. Unasikiliza, unaandika, unarudi shuleni, na alasiri moja unawaeleza wenzako uliyoyasikia. Wanaitikia kwa heshima. Kesho yake asubuhi kila mmoja anaingia darasani na daftari lake la zamani. Nakuandikia wewe usiyetaka hadithi hiyo ijirudie shuleni kwako, uwe kambini Dzaleka, uwe Area 25 karibu na viwanda vya Kanengo, au kwingineko Lilongwe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mwalimu habadiliki kwa kuelezwa mtaala. Hubadilika anapoandaa somo moja pamoja na wenzake, akalifundisha, akaona wanafunzi wamelipokeaje, akalirekebisha na kulifundisha tena. Mafunzo yasiyomfikisha hapo ni matangazo.

Tukumbuke yaliyotokea. Malawi ilianza kutumia mtaala mpya wa sekondari Septemba 2015, kwa kuanzia na Fomu 1. Mihtasari iliandaliwa na Malawi Institute of Education, taasisi iliyoko Domasi, Zomba. Somo lililokuwa likiitwa Physical Science liligawanywa, Fizikia ikasimama peke yake na Kemia peke yake. Kila mada ikawekewa vigezo vya mafanikio, yaani mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuonekana akiyafanya. Sasa fikiria shule zilizoyapokea mabadiliko hayo. Nyingi ni zile za kutwa za jamii, CDSS, ambazo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa vituo vya elimu ya masafa. Hadhi ilipandishwa na kibao kikabadilishwa, lakini maabara hazikuja pamoja na kibao, na wengi waliofundisha humo walikuwa wamesomea ualimu wa shule ya msingi. Mwalimu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa afundishe Kemia kamili kwa vitendo.

Njia iliyozoeleka ya kumfikishia mtaala mwalimu huyo ni ya ngazi kwa ngazi: taifa linafundisha wawezeshaji wa kanda, kanda inafundisha mjumbe wa shule, mjumbe anawafundisha wenzake. Ni kama uji unaoongezwa maji kila unapopokelewa na mkono mpya. Unapomfikia mwalimu wa Fomu 1, unga umebaki jina.

Upande wetu kuna ugumu mwingine. Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 40 kutoka Lilongwe, na Dowa imo katika Kanda ya Elimu ya Kati Mashariki. Area 25 imo katika Kati Magharibi. Ndugu wawili wa familia moja, mmoja akisoma kambini na mwingine mjini, wanafundishwa na walimu wanaopokea nyaraka kutoka ofisi mbili na kuitwa semina mbili tofauti. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokushauri halihitaji idhini ya mtu: tafuta mwalimu mmoja wa somo lako upande wa pili, mpeane namba za simu, mpashane kila waraka na kila jaribio la somo. Msisubiri kanda ziwaunganishe.

Anza na madaftari ya wanafunzi

Kabla hujaitisha kikao chochote, omba madaftari matano au sita kutoka kila mkondo, ya wanafunzi wa viwango mbalimbali. Yasome jioni kwa utulivu. Yatakuambia mengi kuliko maandalio ya masomo, maana andalio huandikwa kwa ajili ya mkaguzi na daftari huandikwa kwa ajili ya kujifunza. Angalia mambo haya: je, maandishi yote ni ya kunakili ubaoni? Je, kuna mahali popote mwanafunzi ameandika sentensi yake mwenyewe, amechora alichokiona, amekosea na kusahihisha? Ukikuta madaftari yote sita yana maneno yale yale hadi nukta, umeshapata mada ya mafunzo yako.

Baada ya hapo kaa nyuma ya darasa, kwa ruhusa ya mwenye darasa. Usiende na fomu ya ukaguzi. Walimu wetu wamekaguliwa vya kutosha, na wale wa kambini wanaoishi kwa posho ndogo ya mwezi wana hofu zaidi, kwa kuwa wanajua nafasi yao haina mkataba wa kudumu. Wewe watazame wanafunzi. Chagua watatu, uandike wanachofanya kila baada ya dakika chache. Mwisho wa kipindi mpe mwalimu karatasi hiyo aisome mwenyewe. Usimpe alama. Mara nyingi mwalimu akisoma kwamba mwanafunzi wa dawati la nyuma hakufungua kinywa kipindi kizima, haambiwi tena la kufanya.

Somo moja kwa wakati

Njia ninayoipendekeza si mpya. Kenya iliianza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, kupitia mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi sekondari. Malawi ikaichukua kuanzia 2004 katika kanda ya Kusini Mashariki, kituo kikiwa Chuo cha Ualimu cha Domasi, kisha ikaenezwa nchi nzima. Kiini chake ni kwamba somo lijengwe juu ya kazi anayofanya mwanafunzi na majaribio anayoweza kuyafanya kwa vifaa vilivyopo, na mwalimu azunguke hatua nne: apange, afundishe, atazame kilichotokea, aboreshe. Mradi hufika mwisho wake na gari la mradi likaondoka. Mzunguko huo haudai gari.

Shuleni kwako uendeshe hivi. Wakusanye walimu watatu au wanne wa somo moja au masomo ya jirani. Chagueni mada moja inayokuja wiki mbili zijazo, iliyo ngumu kwa wanafunzi. Someni vigezo vya mafanikio katika muhtasari, mmoja mmoja, kwa sauti, na kwa kila kimoja mjibu: mwanafunzi akifanya nini tutasema ameweza? Hapa msikimbie. Nimeona kikao kizima kikiishia kwenye kigezo kimoja, na hakikuwa kikao kilichopotea, kwa sababu walimu waligundua kwamba kila mmoja alikuwa akikielewa kivyake.

Chukua mfano wa asidi na besi katika Kemia. Mwalimu asiye na maabara huandika ubaoni kwamba litmasi ya buluu hugeuka nyekundu ndani ya asidi, wanafunzi wanakariri, hakuna aliyewahi kuiona litmasi. Lakini karibu kila nyumba ya Malawi inakijua chidulo, yale maji ya majivu yanayochujwa na kutiwa kwenye mboga ili zilainike. Hiyo ni besi. Ndimu iko sokoni, na hiyo ni asidi. Ua jekundu la haibiskasi likipondwa katika maji ya moto hutoa rangi ambayo ndani ya maji ya ndimu huwa nyekundu kali na ndani ya chidulo huelekea kijani. Vikombe vitatu vya plastiki na ua moja vinatosha kundi zima. Malawi Institute of Education ina jina la utaratibu huo wa kufundishia kwa vitu vya mahali ulipo, TALULAR, na walimu wengi wamelisikia chuoni. Tatizo ni kwamba wamelisikia tu. Kwenye mafunzo yako walimu wenyewe waponde ua, wachuje majivu, wapake mikono rangi. Watakutana na matatizo halisi: majivu machache hayatoi besi ya kutosha, ua lililonyauka halitoi rangi. Ni heri wakutane nayo hapo kuliko mbele ya wanafunzi.

Kisha mmoja afundishe na wengine watazame wanafunzi. Siku hiyo hiyo, hata kama ni nusu saa, kaeni mzungumze juu ya wanafunzi mliowaona, na aliyefundisha awe wa kwanza kusema. Rekebisheni. Mwalimu mwingine alifundishe somo lile lile katika mkondo wa pili. Marudio haya ndiyo yanayoachwa mara kwa mara kwa kisingizio cha muda, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko hatua zote. Afadhali masomo mawili kwa muhula yaliyopita hatua zote kuliko kumi yaliyoishia kwenye kupangwa.

Mwalimu aliyesomea Bukavu au Bujumbura

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa watu wapatao elfu kumi au zaidi kidogo. Leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ndani yake wamo walimu wenye uzoefu mkubwa waliofundisha kwa Kifaransa. Shule inayowaacha kando inatupa mali. Shule inayowaingiza darasani bila kuwaandaa inawaumiza wao pamoja na wanafunzi.

Katika Hisabati tofauti ni ndogo kwa macho na kubwa kwa mtihani. Mkongomani huandika 2,5 pale ambapo Malawi huandika 2.5. Nukta ya grafu ataitenga kwa nukta mkato, (2; 5), kwa sababu mkato kwake ni wa desimali. Tanjenti ataiandika tg. Fungu la namba lisilojumuisha ncha zake ataliwekea mabano yaliyogeuka nje, ]2; 5[. Kugawanya kwa njia ndefu, kigawanyo atakiweka kulia na jibu chini yake. Hakuna kosa hata moja hapo. Ni desturi nyingine ya kuandika hesabu ile ile. Lakini mwanafunzi wa Fomu 3 atakayeiga ubao huo ataandika hivyo kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari, MSCE, na msahihishaji hatakuwa na muda wa kumwelewa. Alama nazo zinakwenda kinyume: mwalimu aliyezoea asilimia anaona namba kubwa kuwa ushindi, ilhali katika MSCE gredi huanzia 1 iliyo bora hadi 9 ya kufeli.

Tenga kikao kimoja kwa ajili ya jambo hili peke yake. Waketishe mwalimu wa Kimalawi na mwalimu kutoka Kongo au Burundi mbele ya karatasi moja ya mtihani uliopita, kila mmoja atatue kwa namna aliyofundishwa, kisha walinganishe mstari kwa mstari. Watengeneze bango la tofauti na kulibandika chumba cha walimu. Faida inakwenda pande mbili, kwa kuwa mwalimu wa Kimalawi ataanza kuelewa ni kwa nini mwanafunzi aliyehamia kutoka Uvira anaandika mkato, na ataacha kumkata alama kwa kudhani ni uzembe.

Usisahau pia kwamba wengine kati ya walimu hawa wamepita kwenye mageuzi kabla yetu. Burundi ilianzisha elimu ya msingi ya miaka tisa mwaka 2013, na walioondoka baada ya misukosuko ya 2015 walikuwa wamekwisha kuonja ugumu wa kufundisha mtaala ambao vitabu vyake havijafika. Waombe waeleze walifanyaje. Anayeulizwa alichokijua hukaa kikaoni kwa moyo tofauti na anayeambiwa asichokijua.

Wanafunzi wengi, lugha nyingi

Mtaala unasema mwanafunzi ashiriki. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni anauliza: washiriki vipi? Mafunzo mengi hapa yanajibu kwa makundi ya watu sita wanaohamisha madawati, na mwalimu anakata tamaa kwa sababu madawati hayatoshi na nafasi ya kuyahamishia haipo. Mfundishe kazi ya wawili wawili. Swali moja ubaoni, dakika mbili kimya kila mtu aandike, dakika tatu amweleze jirani yake, kisha mwalimu aite majina matatu, na asiite walionyoosha mikono. Hakuna dawati linalosogezwa. Njia hii ikizoeleka, mengine yatafuata.

Kuhusu lugha, sekondari ya Malawi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na Chichewa ni somo. Kambini mwanafunzi anaamka na Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kibembe, na mjini anaongeza Chichewa. Ushauri wangu ni huu: katika zile dakika za kumweleza jirani, waacheni waongee lugha yoyote inayowafikisha kwenye maana, lakini jibu liandikwe kwa Kiingereza. Mwalimu aandae kabla ya kipindi maneno sita au saba ya Kiingereza ambayo somo haliwezi kwenda bila hayo, ayaandike pembeni mwa ubao na ayaache hapo hadi mwisho wa kipindi. Mwalimu anayekataza Kiswahili darasani hapati Kiingereza badala yake. Anapata ukimya.

Posho, kibali na saa

Tuzungumze wazi. Mwalimu aliyezoea semina za wafadhili anategemea posho, na mafunzo ya shuleni hayana posho. Hilo si la kumlaumu mtu ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Lakini usimdai saa zake bure. Zungumza na mkuu wa shule kikao kiwekwe ndani ya ratiba, alasiri moja kila wiki mbili, na kihesabiwe kuwa kazi. Chai na chochote cha kutafuna viwepo. Pale mwalimu anapotoka mbali, nauli ilipwe, na ilipwe siku hiyo hiyo.

Kwa mwalimu mkimbizi kuna jambo zito zaidi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwa baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea, kwa hiyo sera ni kuishi kambini na kutoka kunahitaji kibali. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa mijini na vijijini warudi Dzaleka kufikia Aprili 15, na Mei operesheni ya kuwakusanya ikaanza Lilongwe. Familia zilizokuwa na maduka na watoto shuleni ziliondolewa makwao. Ukiandaa mafunzo ya pamoja, usimwite mwalimu wa Dzaleka mjini na kumwachia ahangaikie kibali mwenyewe. Yapeleke mafunzo kambini. Mwalimu wa Area 25 anaweza kupanda basi kwenda Dowa bila kuulizwa karatasi, naye akifika atajionea wanafunzi wake wa baadaye wanatoka katika hali gani. Ukilazimika kumtoa mtu kambini, andika barua mapema na uifuatilie wewe.

Katikati ya vikao simu ifanye kazi. Kambi ya Kakuma, Kenya, ilionyesha mfano mzuri: kuanzia 2016 Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia iliendesha mpango uliounganisha mafunzo, ushauri wa darasani na kundi la simu ambamo walimu wa kambini walizungumza na walimu wa nchi nyingine. Moduli za mafunzo kwa walimu wa mazingira ya dharura, zilizotolewa mwaka huo na mtandao wa INEE, zinapatikana bure, na sura ya hali ya mwalimu mwenyewe, mawazo yake na uchovu wake, naiona ya lazima kwa Dzaleka. Lakini kundi la simu lina sheria zake: picha ya ubao, picha ya kazi ya mwanafunzi, swali moja. Salamu na matangazo ya misiba yawe na kundi lao, yasije yakalifunika somo.

Mtihani usiufiche

Mwalimu atakuuliza: mtihani unataka nini? Usimjibu kwamba mtaala mpya hauhusiki na mtihani. Atajua unamdanganya. Nchi hii iliufuta mtihani wa Fomu 2, JCE, mwaka 2016 na baadaye ikaurudisha, na kila mabadiliko ya namna hiyo humfanya mwalimu ashike kwa mikono miwili kile anachokijua, nacho ni kukaririsha. Tumia ripoti za watahini wakuu wa baraza la mitihani, MANEB. Humo wasahihishaji wanaeleza mahali watahiniwa walipokwama, na mara nyingi ni pale walipotakiwa kueleza sababu, kusoma grafu au kupanga jaribio. Chagua swali moja kati ya hayo, walimu walijibu wenyewe bila kitabu, kisha wajiulize ni somo gani lingemwezesha mwanafunzi kulijibu. Hapo mtaala na mtihani vinaacha kuwa maadui, na mwalimu anapata sababu yake mwenyewe ya kubadilika.

Muhula ukiisha, yarudie yale madaftari. Mikondo ile ile, idadi ile ile. Tafuta sentensi zilizoandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Usiandike ripoti ndefu kwa mfadhili kabla hujafanya hivyo, na usimtangazie mtu mafanikio kwa kuhesabu waliohudhuria. Kama madaftari hayajabadilika, chagueni mada nyingine, punguzeni maneno kikaoni, ingieni darasani zaidi. Kama yamebadilika hata kwa mwalimu mmoja, huyo ndiye awe mwezeshaji wenu muhula ujao, awe na cheti cha Domasi au diploma ya Bukavu, na wewe mkuu wa shule umpunguzie vipindi ili apate nafasi ya kukaa nyuma ya madarasa ya wenzake.